NANI AMLIPE MJUMBE?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Wako wasemao kwamba mjumbe mwema hafanyi kazi kwa mshahara. Maneno hayo ni matamu kinywani mwa aliyeshiba. Nami nitawapeleka Marekani, katika zama walizopigana na Mfalme wa Uingereza, mkaone yaliyowapata wajumbe wao.

Kongresi ya mwanzo haikuwalipa wajumbe wake. Mkataba wa Shirikisho, uliotimia mwaka 1781, uliamuru kila jimbo liwakimu watu wake wenyewe. Na jimbo hilohilo ndilo lililowateua, na lilikuwa na haki ya kuwarejesha nyumbani wakati wowote. Mtazameni James Madison, kijana wa Virginia, aliyekuwa Philadelphia mwaka 1782. Masurufu yake yalikawia, hata akawa akiishi kwa fedha za Haym Salomon, dalali Myahudi mzaliwa wa Poland, ambaye alikataa katakata kupokea malipo kwa wema wake. Rais wa baadaye, mabwana, alikula kwa hisani ya dalali! Majimbo mengine hayakupeleka watu kabisa, na gharama ilikuwa moja katika sababu. Vita vilipokwisha, mkataba wa amani na Uingereza ulihitaji kauli ya majimbo 9. Kongresi ikakaa Annapolis ikingoja wajumbe, na idadi haikutimia hata tarehe 14 Januari 1784.

Mwaka 1787 wakakutana kutunga Katiba. Jenerali Charles Cotesworth Pinckney wa South Carolina akasema kuwa Seneti imekusudiwa kuwakilisha mali ya nchi. Basi maseneta wasilipwe kitu, wapate kuingia wenye mali. Ajabu ni kuwa aliyemuunga mkono ni Benjamin Franklin, mwana wa mpika sabuni na mishumaa. Lakini yeye alichelea jingine: watu wasije wakasema kuwa waliomo mkutanoni wamejichongea vyeo vya kujinufaisha. Shauri hilo likaanguka kwa majimbo 6 dhidi ya 5. Jimbo moja tu!

Likabaki la nani atalipa. Mwezi wa Juni Oliver Ellsworth wa Connecticut alitaka majimbo yalipe, kama desturi ya zamani. Madison, aliyekwisha kuionja desturi hiyo, alipinga. Tarehe 14 Agosti Ellsworth mwenyewe akasimama, akakiri kuwa njia ile ingewafanya wajumbe wayategemee majimbo kupita kiasi, akaomba walipwe na Hazina ya taifa. Ni wachache wanaogeuza kauli zao hadharani namna hiyo, nami namheshimu kwa hilo.

Mwaka 1789 sheria ikakata dola 6 kwa kila siku ya kikao, na dola 6 nyingine kwa kila maili 20 za safari. Lakini sasa wajumbe ndio waliojipangia kiasi chenyewe. Madison aliiona hatari hiyo, akapendekeza mwaka uleule kwamba badiliko lolote la malipo lisianze mpaka uchaguzi uwe umepita katikati. Majimbo ya kutosha hayakulikubali. Likalala, lisifutwe wala lisipite, hata likatimiza idadi mwaka 1992, nalo sasa limo katika Katiba yao.