Kupunguza Uzito Pamoja, kwa Chakula cha Nyumbani

Maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii na viongozi wa vikundi vya akina mama



Mazungumzo ya leo yanaanzia mbali, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Upande wa magharibi wa kisiwa hicho kuna eneo liitwalo Waianae, makao ya wenyeji asilia wengi wa Hawaii. Watu hao wamesumbuliwa na unene, kisukari na magonjwa ya moyo kuliko wengi wanaoishi nao visiwani. Miaka ya mwisho ya 1980, daktari Terry Shintani na wenzake wa kituo cha afya cha Waianae walijaribu jambo lililoonekana rahisi mno. Waliwachukua wenyeji 20 wenye uzito mkubwa, na kwa siku 21 wakawalisha chakula cha mababu zao: nduma, viazi vitamu, shelisheli, mboga za majani, mwani, matunda, na samaki na kuku kwa kiasi kidogo.

Hakuna aliyepimiwa sahani. Kila mtu aliambiwa ale mpaka ashibe. Siku hizo zilipokwisha, walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 7.8, na kolestro katika damu yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 14. Sukari na presha zilishuka pia. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1991.

Nduma, ndiyo. Ile ile inayochemshwa na kuuzwa asubuhi kando ya barabara hapa Kenya, ambayo vijana wengi huipita wakienda kutafuta mandazi. Siri yake si dawa. Nduma iliyochemshwa hujaza tumbo na ina mafuta kidogo sana, kwa hiyo mtu hushiba kabla hajala nishati nyingi. Watu wa Waianae walishuka kutoka takriban kalori 2,600 kwa siku hadi karibu 1,600, na hawakulala njaa.

Lakini tukiishia hapo, mtu atadhani ni habari ya nduma tu. Kwa Wahawaii, nduma ni ndugu. Katika masimulizi yao ya asili, mmea huo ndio kaka mkubwa na mwanadamu alizaliwa baada yake; kaka humlisha mdogo, na mdogo humtunza kaka. Mashamba makubwa ya miwa yalipoingia visiwani, maji ya mito yalielekezwa kwenye miwa, na majaruba ya nduma yakakauka. Wali mweupe, nyama ya mkebe na soda vikachukua nafasi. Kwa hiyo mtu wa Waianae aliporudishiwa bakuli la nduma iliyopondwa, hakuwa anapewa adhabu ya daktari. Alikuwa anarudishiwa chake. Tena washiriki walikula pamoja, wakafundishwa pamoja, na hadithi za chakula hicho zilisimuliwa pale pale.

Linganisha na mama wa hapa nyumbani anayetoka kliniki na karatasi mkononi. Karatasi inamwambia ale vyakula ambavyo havipo sokoni kwao, na kama vipo, bei yake ni ya unga wa siku tatu. Anaikunja, anaiweka nyuma ya picha ukutani, na maisha yanaendelea. Si mkaidi huyo. Karatasi haikuandikwa kwa ajili yake.

Wiki tatu, hata hivyo, ni muda mfupi. Karibu kila mtu anaweza kupungua kwa wiki tatu. Kazi iko mwezi wa tisa, baada ya harusi mbili, matanga matatu na Krismasi moja. Hilo ndilo lililoshughulikiwa na mradi mwingine wa Hawaii, uitwao PILI 'Ohana. Neno "pili" hapo si letu la kuhesabia. Kwa Kihawaii lina maana ya kushikamana, na "'ohana" ni jamaa. Vyama vya wenyeji na watafiti wa chuo kikuu waliketi meza moja tangu mwanzo. Walichukua mtaala maarufu wa Marekani wa kuzuia kisukari, wenye masomo 16, wakaufupisha na kuuandika upya kwa mifano ya kwao, na wanajamii wenyewe wakafundishwa kuuongoza. Baada ya miezi mitatu ya kupunguza uzito, washiriki 144 waligawanywa. Kundi moja lilifuatiliwa kwa njia ya kawaida. Lingine liliendelea kukutana, na masomo yake yalihusu familia na mtaa: namna ya kumshawishi mume, namna ya kukataa sahani ya pili kwa shangazi bila kumvunjia heshima. Miongoni mwa waliohudhuria angalau nusu ya masomo, wale wa kundi la familia walikuwa na nafasi mara tano zaidi ya kubaki na uzito walioufikia.

Ni vyema kusema pia kwamba kilo zilizopungua katika mradi huo zilikuwa chache. Anayeahidi kilo 20 kwa mwezi, kwa chai au kwa mkanda wa tumbo, anauza mkanda.

Huko Arizona, Marekani, wako watu wanaojulikana kama Wapima. Wao wenyewe hujiita Akimel O'odham, watu wa mto. Walikuwa wakulima hodari wa mahindi, maharagwe na maboga kwa maji ya mto Gila, mpaka walowezi wa juu ya mto walipoyachepusha mwishoni mwa karne ya 19. Njaa ikaingia. Baadaye ukaja mgao wa serikali: unga mweupe, sukari, mafuta ya kukaangia. Leo ni miongoni mwa jamii zenye kisukari kingi zaidi duniani. Wengi walisema ni damu yao. Lakini mwaka wa 1994 watafiti walichapisha habari za ndugu zao Wapima wa Mexico, wanaoishi milimani kwa kulima kwa mikono, na kuwakuta wembamba zaidi kwa mbali. Damu ni moja, maisha mawili.

Wapima hao wa Arizona wametoa funzo ambalo wataalamu wengi hawakulitarajia. Watu 95 waligawanywa makundi mawili. La kwanza lilipewa ratiba kamili ya mazoezi na lishe. La pili, lililoitwa Pima Pride, lilikutana kuzungumza juu ya historia na utamaduni wa Wapima, na kupewa maandishi machache tu kuhusu chakula na mazoezi. Baada ya mwaka mmoja, kundi la ratiba lilikuwa limeongezeka wastani wa kilo 2.5, lile la mazungumzo, kilo 0.8. Hakuna lililopungua, na jaribio lilikuwa dogo. Hata hivyo waliokumbushwa wao ni nani hawakufanya vibaya kuliko walioagizwa la kufanya, na huenda walifanya vizuri zaidi.

Australia nayo ina habari yake. Mwaka wa 1982, mtaalamu wa lishe Kerin O'Dea alifuatana na wenyeji asilia 10 wenye kisukari kutoka karibu na mji wa Derby, wakarudi nyikani kuwinda, kuvua na kuchimba viazi vikuu kwa wiki saba. Walipungua wastani wa kilo 8, na sukari yao ikakaribia ya mtu mzima wa afya. Hakuna anayetarajia mtu aache kazi akaishi porini. Lakini jaribio hilo lilionyesha kwamba ugonjwa ulioitwa wa kudumu uliweza kurudi nyuma sana ndani ya miezi miwili.

Sasa hapa nyumbani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mwaka wa 2014 walikuwa asilimia 33. Na kuna jambo moja ambalo vipeperushi haviligusi: hapa kukonda kuna maneno. Mwanamke akipungua, watu huuliza ana nini, na tangu miaka ya ukimwi swali hilo lina makali. Mwanamume mwenye kitambi huambiwa mambo yamemnyookea. Mtu anayepungua peke yake hupambana na uvumi peke yake. Wanawake 15 wa chama kimoja wakipungua pamoja, mtaa hauna cha kunong'ona.

Na vyama vipo tayari. Vina siku ya kukutana, vina mweka hazina, vina faini ya mchelewaji. Kinachokosekana mara nyingi ni mizani, na kubadilisha kile kinachoandaliwa siku ya mkutano. Mwenye nyumba huona aibu asipokaanga chapati. Chama kikikubaliana kwamba siku hiyo ni nduma, viazi vitamu, managu na chai isiyojaa sukari, aibu hiyo inaondoka kwa azimio moja la kumbukumbu za mkutano. Ngoma za jamii nazo zifikiriwe: huko Hawaii, wenyeji wenye presha waliofundishwa hula, ngoma yao ya asili, walishusha presha zaidi ya wenzao ambao hawakucheza.

Mambo mawili ya tahadhari. Kilo za mtu zisisomwe kwa sauti mbele ya wengine. Anayeaibishwa wiki hii hatakuja wiki ijayo. Na yeyote anayetumia dawa za sukari au presha asibadilishe chakula ghafla kabla ya kuongea na kliniki. Chakula kikibadilika na dawa ikabaki vile vile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi na mtu akazirai. Dawa hupunguzwa na mhudumu wa afya, haiachwi kwa uamuzi wa chama.

Kikundi kinachotaka kuanza kimwendee kwanza mhamasishaji wa afya wa kijiji chake, awapime wanachama presha na sukari na kuandika vipimo vya siku ya kwanza.