Ndege wa Jiwe

Mkazi wa Harare apatapo siku mbili za faragha, na nafsi yake ikatamani mwitu na hewa safi, hana haja ya kwenda ng'ambo, maana karibu na mji wa Masvingo, safari ya asubuhi moja kwa gari, zimesimama kuta za Zimbabwe Kuu, zilizojengwa kwa mawe ya itale, jiwe juu ya jiwe, bila chokaa, hata zikafikia kimo cha mita 11. Na aende taratibu. Aweke kiganja juu ya jiwe lililoshika joto la alasiri, atazame mishubiri iliyochanua miambani.

Nasi wa pwani tuna nasaba nazo, kwani humo magofuni iliokotwa sarafu ya shaba ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, zama ambazo dhahabu ya bara ilishuka Sofala ikapakiwa majahazini.

Kwa hiyo yanihuzunisha kwamba mtoto wa nchi ile aweza kukua akimjua ndege wa jiwe aliyechongwa Zimbabwe Kuu katika bendera tu, hali ndege wenyewe wamo makumbushoni hapo hapo penye magofu, wakimngoja.