Damu ya Ukoo na Akina Mama Waliopoteza Mimba

Hotuba iliyosomwa na Mwandishi wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Machakos



Halmashauri imeniagiza niseme juu ya jambo ambalo halijapata kuandikwa katika taarifa zetu za mwaka. Taarifa hizo zimejaa habari za karo za shule, za visima, na za matanga. Jambo la leo ni mimba zinazoharibika moja baada ya nyingine katika nyumba za wanachama wetu, na hasa hatari ile inayokaa ndani ya damu ya ukoo. Najua si desturi mwanamume kunena habari hizi mbele ya wakwe zake, na kwa hiyo naomba radhi mapema. Lakini wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai, nasi tumeficha kwa muda mrefu.

Kwanza yafaa tujue ukubwa wa jambo lenyewe. Katika kila mimba 100 zilizokwisha kutambuliwa, 15 hivi huharibika. Jarida la waganga liitwalo Lancet lilikadiria mwaka 2021 kwamba mimba zipatazo milioni 23 huharibika duniani kila mwaka. Aghalabu sababu ni kwamba mbegu ya baba na ya mama ziliungana zikiwa na kasoro tangu siku ya kwanza. Sababu si kubeba mtungi wa maji, wala si neno baya la jirani. Mwanamke mmoja hivi katika 100 hupatwa na msiba huo mara tatu au zaidi, na huyo ndiye anayestahili kuchunguzwa kwa makini.

Sasa niseme juu ya damu. Mwenyezi Mungu ameipa damu kazi mbili zinazopingana: itiririke mishipani bila kusimama, na igande upesi penye jeraha. Mama anapokuwa mjamzito, damu yake huelekea zaidi upande wa kuganda, ili asimwage nyingi siku ya kujifungua. Hiyo ni hekima ya maumbile. Lakini wako watu waliozaliwa na upungufu wa vitu vinavyoizuia damu isigande ovyo. Waganga huviita protini C, protini S, na antithrombini. Kwa watu wa namna hiyo, hekima ile ya maumbile yaweza kupita kiasi, na bonge la damu likafanyika ndani ya mshipa pasipo jeraha lolote.

Upungufu huu hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto wake ana nafasi sawasawa ya kuupata au kuukosa, kama sarafu inayorushwa juu. Waweza kutoka kwa baba kama unavyoweza kutoka kwa mama, na wanaume huwa nao kama wanawake. Wale wanaosoma vitabu vya Ulaya watakuta jina la kasoro nyingine, ya Factor V, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika mji wa Leiden, Uholanzi. Hiyo ni ya kawaida kwa watu wa Ulaya, bali kwa Waafrika ni adimu. Basi mtu asidhani kwamba kila kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa huko kimeandikwa kwa ajili ya Mwala na Masinga.

Iko pia kasoro ya pili, ambayo hairithiwi kwa njia hiyo bali humpata mtu baadaye maishani. Katika hiyo, mwili hutengeneza askari wanaogeuka na kuishambulia damu yake wenyewe. Yaitwa maradhi ya antifosfolipidi, na daktari Graham Hughes wa London aliyaeleza mwaka 1983. Nawaombeni mzitenganishe kasoro hizi mbili katika fikira zenu, kwa maana tiba yake si moja, na kuzichanganya kumewapotezea watu fedha na matumaini.

Dawa inayosemwa sana ni sindano ya heparini, ambayo mama huchomwa chini ya ngozi ya tumbo au ya paja kila siku. Dawa hii haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto, na ndiyo sababu hutumiwa wakati wa ujauzito. Je, huzuia mimba isiharibike? Kwa wenye maradhi ya antifosfolipidi, jibu ni la kutia moyo. Huko London, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997, wanawake 90 waligawanywa makundi mawili. Kati ya waliopewa aspirini kidogo pamoja na heparini, 71 katika 100 walipata mtoto hai. Kati ya waliopewa aspirini peke yake, 42 tu.

Kwa wenye kasoro ya kurithi, mambo ni mengine. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 326 wa Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji, Slovenia, na Marekani, ambao wote walikuwa na kasoro ya kurithi na walikwisha kupoteza mimba mara mbili au zaidi. Waliochomwa sindano walipata mtoto hai 72 katika kila 100. Wasiochomwa walipata 71. Ndugu zangu, tofauti hiyo si tofauti. Nasema hivi kwa sababu yupo mtu atakayeuza ng'ombe anunue sindano za miezi tisa kwa kuambiwa kwamba zitamshikia mimba. Tena tazameni upande wa pili wa hesabu hiyo: wanawake 71 katika 100, baada ya misiba miwili au zaidi, walibeba mtoto wao pasipo sindano hata moja. Hakuna haki ya kumwita mwanamke wa namna hiyo tasa.

Basi sindano ni za nini kwa mwenye kasoro ya kurithi? Ni za kumlinda mama mwenyewe, ikiwa daktari ameona kwamba hatari yake ni kubwa, na hasa ikiwa amewahi kupata bonge la damu. Mwanamke yeyote mjamzito yumo katika hatari ya bonge mara nne au tano kuliko asiye mjamzito. Hutokea kwa mmoja hivi katika mimba 1,000. Mwenye kasoro ya ukoo hatari yake huzidi hapo, kwa kadiri ya aina ya kasoro. Na majuma sita baada ya kujifungua ndiyo ya kuogopwa kuliko yote. Bonge hufanyika mguuni, kisha laweza kukatika na kupanda hadi mapafuni, na mama hufa kwa saa chache.

Dalili zake kila mzee na kila mkwe azijue: mguu mmoja kuvimba, mara nyingi wa kushoto, ukiwa na maumivu na joto, pumzi kukatika ghafula, kifua kuchoma mtu avutapo pumzi, kukohoa damu, au kuzimia. Mama mwenye dalili hizo hangojei kupambazuka, wala hakandwi mguu kwa mafuta. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Sasa niseme la nyumbani kwangu, si kwa kutaka kuhurumiwa, bali ili msidhani kwamba nasoma vitabu tu. Mke wangu alipoteza mimba tatu. Kila mara aliambiwa, katika hospitali nisiyoitaja, arudi nyumbani ajaribu tena. Hakuna aliyemuuliza habari za ukoo wake. Kwetu watu walianza kunong'ona, na wawili wakanijia usiku kunishauri nitafute mke mwingine. Mimba ya nne ilipofika mwezi wa tano, mguu wake wa kushoto ulivimba. Daktari aliyempokea safari hiyo aliuliza swali moja: "Yuko nani katika jamaa yenu aliyekufa ghafula baada ya kuzaa?" Mke wangu hakujua. Shangazi yake mkongwe ndiye aliyejua. Nyanya yao alikufa siku chache baada ya kujifungua, mguu umevimba, na watu wakasema amerogwa. Kwa miaka yote hiyo jibu lilikuwa limekaa kimya katika kichwa cha mzee mmoja.

Mke wangu alichomwa heparini kila siku hadi akajifungua salama, na kwa majuma mengine baadaye. Vipimo vya upungufu wa protini S vilifanywa baadaye, dawa zilipokwisha, kwa sababu protini hiyo hupungua yenyewe kwa kila mjamzito, na kipimo cha wakati huo chaweza kudanganya. Sisemi kwamba sindano ndizo zilizotuletea mtoto. Daktari alitueleza waziwazi kwamba zilimlinda mama. Kwangu mimi hiyo yatosha.

Kwa hiyo, wazee wetu, mnaona mahali penu katika jambo hili. Nyinyi mwaweza kuhesabu ukoo hadi kizazi cha tano. Mwamjua nani alikufa kijana, nani alivimba mguu, nani alianguka ghafula shambani. Maswali hayo ndiyo kipimo cha kwanza cha daktari, nacho hakilipiwi hata senti. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Nairobi na wenzao wa Amsterdam walizunguka nyumba kwa nyumba huko Matungulu na Mbiuni, wakiandika uzazi, maradhi, na vifo vya akina mama na watoto, na kazi yao ikatoka kuwa kitabu mwaka 1984. Walijua kwamba kisichoandikwa hupotea. Sisi wenyewe twaweza kuandika habari za koo zetu bila kungoja mgeni.

Nasikia hoja moja, kwamba mambo haya yatavunja desturi. Mimi naona kinyume. Majina yetu yenyewe yanashuhudia kwamba babu zetu waliujua msiba huu: Musyoka na Kasyoka, maana yake kurudi, na Mbiti, yaani fisi, jina la mtoto aliyefuata ndugu waliokufa, ili kifo kimwone hafai. Na mwanamke asiyejaliwa kuzaa, desturi ilimpa njia ya kuoa iweto, ili jina la nyumba yake lisizimike. Wazee hao walitafuta namna ya kumhifadhi. Anayemfukuza mke wake leo kwa sababu ya mimba zilizoharibika asijifiche nyuma ya Ukamba.

Yako pia maonyo machache ya kukumbukwa. Mtu asinunue aspirini wala heparini dukani kwa shauri la jirani. Mama atumiaye warfarini kwa ajili ya bonge la zamani amwone daktari kabla ya kushika mimba, au mara tu akosapo siku zake, kwa maana dawa hiyo yaweza kumharibu mtoto katika miezi ya mwanzo. Mwenye kasoro hii asimeze vidonge vya kupanga uzazi pasipo kumwambia mganga, kwa kuwa vingine huongeza kuganda kwa damu. Achomwaye sindano azalie hospitali, na uchungu ukianza asijichome tena, bali aseme alichomwa saa ngapi. Wanachama Waislamu wajue kwamba heparini nyingi hutokana na matumbo ya nguruwe. Mwenye shaka amwulize daktari na shehe wake mapema, asiache dawa kimya kimya.

Bwana Mwenyekiti, nakuja kwenye hoja yenyewe. Kanuni za mfuko wetu zinasema kwamba mwanachama afiwapo, Chama hutoa fedha za jeneza, za gari, na za chakula cha waombolezaji. Hazisemi lolote juu ya mama aliye hai anayehitaji kufika kliniki. Bima ya Afya ya Jamii, iliyoshika mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kila mwanachama na ajiandikishe. Lakini nauli ya matatu kutoka Masinga hadi Machakos, au kutoka Machakos hadi Nairobi, hailipwi na bima. Mama huacha kwenda kwa kukosa nauli, kisha sisi humkodishia gari akiwa maiti.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo manne. La kwanza, sehemu ya mfuko wa msiba itengwe kwa nauli na vipimo vya mama aliyepoteza mimba mara mbili au zaidi, au aliyewahi kupata bonge la damu. La pili, kamati ya akina mama ichague wazee wawili wa kike katika kila tawi, wakusanye habari za koo kwa siri, na kumpa kila mjamzito za kwao katika karatasi ya kupeleka kliniki. La tatu, mume aandamane na mkewe angalau mara moja kwa daktari, asikie kwa masikio yake. La nne, msiba wa mimba iliyoharibika utambuliwe na tawi kuwa msiba, na nyumba hiyo itembelewe kama nyumba yoyote iliyofiwa.

Fedha zetu si nyingi, nami nimeziandika kwa mkono wangu kila mwezi nikijua uchache wake. Lakini kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Gharama ya nauli ni ndogo kuliko gharama ya jeneza, na yule tunayemsaidia hurudi nyumbani kwa miguu yake.

Kwa hayo machache, Bwana Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.