Vita Vilivyosikika: Riwaya ya Aliyekulia Vitani na Kosa la Kuiita Ushuhuda



Kwa desturi, mhadhara wa uprofesa ni mahali pa kushukuru. Shukrani zangu nitazitoa kwenye chai. Hapa nina ugomvi wa kumaliza.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye jopo la waamuzi wa tuzo fulani ya uandishi. Kati ya vitabu vilivyoletwa, kimoja kilichapwa kwa fedha za mwandishi mwenyewe: nakala mia tatu, jalada jepesi, gundi imeshaanza kuachia. Mwandishi ni kijana aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, katika miaka ya tisini wakati Burundi inaungua. Mwenzetu mmoja, msomi ninayemheshimu hadi leo, alikisukuma pembeni kwa vidole viwili. "Hii si riwaya," alisema. "Huu ni ushuhuda. Wapelekeeni watu wa historia." Tukatikisa vichwa, kitabu kikatoka mezani. Nami nilitikisa changu. Mhadhara huu ni jibu ambalo siku ile lilinikwama kooni.

Sitarudia mjadala wa mipaka kati ya tawasifu na ubunifu. Wenzangu mmeufundisha miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi mmeufanyia mtihani. Ninachokitaka ni ile dhana iliyojificha ndani ya kauli ya mwenzetu: kwamba ushuhuda ni unga mbichi na riwaya ni ugali uliosongwa, na kwamba mtu aliyekulia vitani huleta unga tu, maana yaliyompata yanatosha, hahitaji kusonga chochote. Kauli hiyo inavaa kilemba cha heshima. Kwa kweli inamnyang'anya mwandishi kazi ya mikono yake.

Tuanze na huo unga. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na wakimbizi wa Burundi nchini mwetu Tanzania katikati ya miaka ya themanini, kambini Mishamo na mjini Kigoma, na mwaka 1995 akatoa kitabu chake *Purity and Exile*. Alichokikuta Mishamo ni watu walioyasimulia maafa ya 1972, yale mauaji yaliyowafukuza Burundi, kwa mpangilio unaofanana, wenye mwanzo unaojulikana, mafunzo yanayojulikana, hata sehemu za kusisitiza. Kigoma mjini, watu waliotoka katika maafa yaleyale walikuwa wakijichanganya na wenyeji, wengi wakipenda kutokutambulika kabisa. Walikimbia jambo moja, wakaishi nalo kwa namna mbili. Kumbe ushuhuda nao una fani. Una wasikilizaji wake na una mahali pake pa kukaa kimya. Huo unga mbichi mimi sijauona popote.

Nami sikuhitaji kitabu kuligundua hilo, maana nimezaliwa Ujiji. Tulipokuwa na umri wa miaka minane, tisa hivi, rafiki yangu mkubwa alikuwa mtoto wa wakimbizi wa 1972. Alinisimulia mara tatu jinsi walivyovuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi. Mara ya kwanza kulikuwa na mvua. Mara ya pili kulikuwa na mbalamwezi, na askari wakawaona kwa mbali. Mara ya tatu mama yake alimziba mdomo kwa kiganja asilie. Nilimwamini mara zote tatu. Nilishakuwa mtu mzima nilipopiga hesabu na kutambua kwamba mwaka ule alikuwa kitoto cha mgongoni. Hakuwa na kumbukumbu ya kuvuka. Alikuwa na hadithi ya kuvuka, na aliimiliki kuliko mimi ninavyoimiliki shahada yangu.

Hapo ndipo ninapotaka kumleta marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, na mtanisamehe nikikaa kwake kuliko itifaki inavyoruhusu. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, Ngũgĩ alikuwa na miaka kumi na minne. Riwaya yake *Weep Not, Child* ilitoka mwaka 1964, na tumezoea kuisoma kana kwamba Njoroge, mhusika wake mkuu, ni Ngũgĩ aliyebadilishwa jina. Mimi nawaomba muanzie mwisho: kumbukumbu zake za utotoni, *Dreams in a Time of War*, za mwaka 2010.

Tazameni anavyozifungua. Ni mwaka 1954. Kijana anatoka shule, tumbo tupu, anarudi kwao karibu na Limuru. Njiani anakuta watu wamekusanyika wakisimuliana tukio la siku hiyo: mtu mmoja amekamatwa akiwa na risasi, akapakiwa kwenye gari la polisi, akaruka na kukimbia huku akifyatuliwa risasi, na hazikumpata. Kila mwenye mdomo anaongeza chake, na yule mtoro anazidi kuwa jabali la masimulizi. Kijana anasikiliza kwa raha, anasahau njaa. Anafika nyumbani na kugundua kwamba jabali lile ni kaka yake mwenyewe, Wallace.

Nimeisoma sehemu hii na wanafunzi kwa zaidi ya mwaka mmoja na sijaichoka. Angalieni mpangilio wake. Hadithi ilitangulia kumfikia, habari ikafuata. Kabla jambo halijawa msiba wa nyumba yao, lilikuwa utamu wa barabarani, lenye wasimulizi, chumvi na wasikilizaji wanaoguna. Na aliyeliandika ni mzee wa zaidi ya miaka sabini, aliyekuwa na wakati wote duniani wa kuanzia kwenye ukweli wa nyumbani. Hakuanzia huko. Alianza na umbea. Alijua kwamba mtoto wa vita hupokea vita kwa sikio, vikiwa vimeshatiwa nakshi na watu wengine. Sasa rudini kwenye *Weep Not, Child* mhesabu masikio: kinyozi anayewachekesha wateja kwa visa vya vita vya Wazungu, Ngotho, baba wa Njoroge, anayewasimulia watoto jioni asili ya Gikuyu na Mumbi. Njoroge anafundishwa nchi yake kwa kusikiliza muda mrefu kabla hajaiona ikipigwa.

Kwa hiyo mwandishi wa namna hii anapobuni, haongezi kitu juu ya ukweli. Anarudia umbo ambalo ukweli ulimjia nalo.

Mtaniuliza kama ninajenga kanuni juu ya mwandishi mmoja. Haya, tuvuke mpaka. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda, akaondoka 1995. Riwaya yake *Petit Pays* ya 2016 ilipata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari, na mara moja wasomaji wakaanza kumuuliza lipi lilimpata kweli na lipi hapana. Msimulizi wake mdogo, Gabriel, hayaoni mauaji ya kimbari ya Rwanda. Anayasikia. Yanakuja kwa simu. Yanakuja kwa mama aliyerudi kutoka Rwanda akiwa amevunjika, anayemsimulia binti yake mdogo usiku mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Na kuna kile kilabu cha pombe kisicho na taa, ambamo watu wanasema wanachokifikiri kwa sababu gizani sauti haina uso. Nikiulizwa ni ukurasa gani unaonionyesha Bujumbura ya wakati ule, nitataja huo.

Nakiri, kwa haki, kwamba hoja yangu ya sikio ina mwisho wake. Gabriel naye hatimaye anatiwa mkono katika damu, na hakuna sikio litakalomtoa hapo. Kaka mwingine wa Ngũgĩ, Gitogo, aliuawa kwa sababu alikuwa kiziwi: aliamriwa asimame, hakusikia. Nimekaa na tukio hilo siku nyingi na sina namna ya kulifanya linitumikie. Naliacha hapo lilipo.

Mwenzetu yule wa jopo alikuwa na neno la pili, alilolisema akiwa ameshafunga kalamu: kitabu hakikupitia kwa mchapishaji, na Kiswahili chake si sanifu. Hili halinichukui muda. Ken Saro-Wiwa aliitoa *Sozaboy* mwaka 1985 kupitia kampuni yake mwenyewe, Saros, kule Port Harcourt, na jaladani akatangaza kwamba imeandikwa kwa Kiingereza kilichooza. Leo inafundishwa vyuo vikuu kama kielelezo cha riwaya ya vita vya Nigeria. Mhariri mwema angeisafisha akaiua.

Kuhusu lugha nina imani ambayo wenzangu wameichoka. Nasadiki kwamba vita vilivyoingia kwa sikio hutoka vizuri zaidi kwa lugha ileile viliyoingia nayo. Mtanikumbusha kwamba hata hizo kumbukumbu za 2010 ninazozisifu Ngũgĩ aliziandika kwa Kiingereza, na Faye ni Kifaransa mwanzo hadi mwisho. Najua. Nimeipima hoja hiyo, ni nzito, na bado nasadiki. Kijana wa Buyenzi ameandika kwa Kiswahili cha Buyenzi, chenye Kirundi na Kifaransa kibarazani, kwa sababu milio ya usiku wa vita ilielezwa kwake kwa lugha hiyo, na majirani waliokuwa na hofu, chini ya kitanda. Kuisanifisha ni kumtafutia majirani wengine.

Nilimtafuta baada ya lile jopo. Alikuwa amebakiza nakala kumi na moja kwenye mkoba; nikanunua nne. Nilimuuliza, kwa aibu, swali lilelile ninalowakataza wanafunzi: yule mtoto wa kitabuni ni wewe? Akanijibu, "Mwalimu, mimi nilikuwa nimelala. Dada ndiye aliyekuwa macho."

Jibu hilo lilinirudisha Ujiji. Likizo iliyofuata nilikwenda kumsalimu mama wa rafiki yangu, ambaye sasa ni bibi wa wengi. Baada ya shikamoo na habari za watoto, nikamuuliza kuhusu usiku wa ziwani: ilinyesha, au kulikuwa na mbalamwezi?

"Ziwani?" alisema. "Sisi tulikuja kwa miguu, mwanangu, tukapitia Manyovu. Mtumbwi ulikuwa wa jirani yetu."