Kujitolea Ugenini Huanza kwa Kujifunza



Titye ni kata ya Wilaya ya Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Wakazi wake wengi ni Waha, watu wa jembe, wanaolima muhogo, maharage, mahindi na migomba. Mtu anayefika huko kwa mara ya kwanza, awe ametoka London au Dar es Salaam, hukutana na mambo yale yale: baridi ya asubuhi asiyoitarajia, vumbi jekundu la kiangazi, lugha ya Kiha asiyoijua, na salamu ambazo haziwezi kufupishwa kwa sababu tu mgeni ana haraka. Mtu huyo akiwa amekuja kwa nia ya kusaidia, hana budi kujiuliza ni kwa njia gani msaada wake hautageuka kuwa mzigo kwa wenyeji.

Nchi hii ina uzoefu wa miaka mingi juu ya jambo hilo. Mwaka 1961, Marekani ilipoanzisha Peace Corps, yaani shirika lake la vijana wa kujitolea katika nchi za nje, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana hao. Walikuja wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia ili kusaidia kazi ya barabara. Waingereza nao walikuwa wameanzisha shirika lao la VSO mwaka 1958; Wajapani wakaanzisha la kwao mwaka 1965; na mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ukaamua kuwa na mpango wake wa watu wa kujitolea. Peace Corps iliondoka Tanzania mwaka 1969, ikarejea mwaka 1979. Kuondoka na kurejea huko kunakumbusha kwamba anayejitolea ni mgeni wa kualikwa, na kwamba mwenye nyumba ndiye anayejua anahitaji nini.

Yanayompata mgeni wa namna hiyo yamechunguzwa na wataalamu. Mmoja wao ni Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada, ambaye katika miaka ya 1930 alifanya utafiti Ankole, nchini Uganda. Baadaye aliandika makala iliyochapishwa mwaka 1960 juu ya kile kinachoitwa mshtuko wa utamaduni. Alieleza kwamba mgeni hupitia hatua. Kwanza hufurahia kila kitu, kama bwana harusi. Kisha furaha hupungua na hasira huingia: chakula kinamchosha, wenyeji wanamuudhi, na yeye huwatafuta wageni wenzake ili wakae pamoja na kulalamika. Akivumilia na kujifunza lugha, huanza kuona njia. Mwishoni huyakubali maisha ya mahali pale kuwa ni namna nyingine ya kuishi, yenye akili yake.

Hatari kubwa imo katika hatua ya pili, kwa maana hapo ndipo mgeni anapotoa hukumu. Ameitisha mkutano saa nne asubuhi, watu wamefika saa saba, naye anaandika katika taarifa yake kwamba wanakijiji hawapendi maendeleo. Hakuuliza kwamba mvua zimeanza mwezi wa Oktoba, na kwamba asubuhi moja isiyopandwa maharage huweza kuonekana jikoni miezi kadhaa baadaye. Kosa la saa limekuwa kosa la tabia, na taarifa hiyo itasomwa na mgeni mwingine atakayemfuata.

Tena wenyeji wa nyanda hizi si watu wasiojua ugeni. Wakati wa ukoloni Buha iligeuzwa kuwa ghala la manamba. Vijana wake walichukuliwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, mwendo wa siku nyingi kutoka kwao, wakajifunza huko vyakula, lugha na dharau za ugenini. Katika miaka ya 1930 familia nyingi za Kibondo zilihamishwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu wakahamia vijijini. Halafu, mara kwa mara, wilaya hizi zimepokea majirani waliokimbia vita: Warundi mwaka 1972, tena mwaka 1993 na mwaka 2015, na Wakongo ambao kwa ajili yao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Watu waliopitia hayo yote wakimsikiliza mgeni kwa adabu, kisha wakasubiri kuona matendo yake, wasiitwe wazito. Wanapima, na wana sababu ya kupima.

Ndugu, hapa ndipo mazungumzo haya yanapowahusu ninyi wenyewe. Kijana wa Kimarekani wa Peace Corps, kabla ya kupelekwa kijijini, hupewa mafunzo ya karibu miezi mitatu na kukaa na familia ya wenyeji ili ajifunze lugha na mila. Mwalimu wa Kitanzania anayetoka pwani kwenda Kasulu mara nyingi hupewa barua tu. Kwa kuwa amevuka mikoa bila kuvuka mpaka wa nchi, hudhani kwamba yeye si mgeni. Moyoni anajiambia kwamba Kigoma ni mwisho wa reli, na siku ya kwanza huanza kutafuta uhamisho. Asahaulacho ni kwamba kwa mtu wa Kigoma reli hiyo huanzia pale pale.

Mtumishi wa namna hiyo huweza kuwa mgeni zaidi kuliko mgeni. Mtoto wa darasa la kwanza aliyelelewa kwa Kiha anasitasita kujibu kwa Kiswahili, naye anamwita mjinga mbele ya wenzake. Mama anapiga magoti kumwamkia, naye anaitikia huku anatembea. Mambo haya huonekana madogo, lakini mzazi aliyedharauliwa hamwendei mwalimu kumweleza kwa nini mtoto hafiki shuleni.

Wapo watakaosema kwamba kumtaka mwalimu ajifunze Kiha ni kurudisha ukabila. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu umoja wa nchi hii umejengwa kwa Kiswahili, na ni Kiswahili kinachomwezesha mtu wa Mtwara kufundisha Titye bila mkalimani. Darasani kitabaki kuwa Kiswahili. Hata hivyo, kubisha hodi kwa lugha ya mwenye nyumba ni adabu, wala hakuna taifa lililovunjika kwa sababu ya adabu. Ukabila hulishwa na dharau, na mwalimu anayemcheka mtoto kwa lugha ya mama yake ndiye anayeupanda.

Wenyeji nao wana wajibu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ofisi inayomweka mgeni wa kujitolea katika kiti kizuri, ikaogopa kumkosoa kwa sababu amekuja na fedha au rangi yake, inamnyima jembe na kumnyima heshima ya kuwa mtu mzima miongoni mwa watu wazima. Mradi wake ukihitaji vipuri visivyopatikana Kasulu, aambiwe mapema. Akifundisha somo peke yake, apewe mwalimu wa kufanya kazi naye bega kwa bega, kwa sababu baada ya miaka miwili ataondoka.

Mwezi Machi 2020 jambo hilo lilionekana wazi. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani kwa ghafla. Mahali ambapo mgeni alikuwa amefanya kazi pamoja na mwenyeji, kazi ilikuwa na mtu wa kuiendeleza. Mahali alipofanya peke yake, aliondoka nayo. Mtumishi wa umma anayefika Titye leo na barua yake ya kazi ajipime kwa kipimo hicho hicho, naye aanze mapema, kwa kujifunza kuitikia salamu.