Akiba Yetu na Nyongeza ya Serikali



Miaka kumi ya kikundi si mchezo. Leo nina neno moja kwa sisi tunaolea watoto kwa mshahara mdogo hapa Uingereza.

Serikali ilianza kuwapa wazazi kama sisi nyongeza mwaka 1971, na jina limebadilika mara nyingi. Tax Credits zilizoanza 2003 zilifungwa Aprili 2025. Sasa ni Universal Credit. Zile hazikujali una akiba kiasi gani. Hii inajali. Akiba ikizidi pauni 6,000, malipo yanapungua. Ikizidi 16,000, hupati kitu. Mkiwa mke na mume, zenu zinajumlishwa.

Basi jamani, fedha yako iliyo kwa mweka hazina ni yako vilevile. Itaje. Ukificha, siku ikijulikana utadaiwa, na watakaoumia ni watoto.

Lakini msiache kuweka! Chini ya 6,000 hukatwi hata peni kwa ajili ya akiba. Naomba mweka hazina ampe kila mmoja karatasi ya hesabu yake kila mwezi.

Hongereni sana.