Nyuzi 68 Zatosha

 Msikilizaji wa Mesquite, Texas, leo tunazungumzia kile kidude cha ukutani kinachoongoza hita: themostati.

Baridi ikibisha hodi, wengi wetu tuliokulia kwenye joto la Mombasa au Uvira tunaipandisha mpaka nyuzi 80 za Fahrenheit. Nyumba haipati joto upesi zaidi kwa kufanya hivyo. Hita huendelea tu kuwaka muda mrefu, na bili ikapanda. Wizara ya Nishati ya Marekani inashauri takriban nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, mkiwa macho nyumbani. Usiku, au mnapotoka, shusheni kidogo. Lakini penye mzee au mtoto mchanga, msishuke chini ya 68.

Vaeni soksi na sweta. Ukipitisha mkono chini ya mlango ukahisi upepo, ziba mwanya huo kwa taulo lililokunjwa.

Tukumbuke Februari 2021. Umeme ulikatika sehemu nyingi za Texas, na hapa Dallas baridi ikashuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri za Fahrenheit. Baadhi ya watu waliotafuta joto kwa mkaa au gari walikufa kwa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Nawasihi, ndugu zangu: jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, wala gari lisiwashwe ndani ya gereji.

Bili ikikushinda, piga 211 uulizie msaada. Ukihitaji mkalimani, omba.